Urithi Ulio Kinywani

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kupitia Tabora ilijengwa kwa mabega ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Burton na Speke, waliofika Kaze mwaka 1857, waliacha vitabu vyenye hesabu za pembe, nguo na shanga. Wapagazi waliacha nyimbo, na wanawake waliofuatana nao waliacha masimulizi. Vitabu vimo maktabani. Je, kijana wa Ziba, wilayani Igunga, akitaka kujua wazee wake walisema nini msafara ulipoondoka, atafungua kabati gani?

Swali hili latuhusu sote. Ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, shabaha ilikuwa kuturudishia fahari ya utamaduni wetu. Vinyago na ngoma vimepata nafasi katika makumbusho. Lakini neno halitundikwi ukutani.

Kwa sababu hiyo yafaa tuitazame kazi ya Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kuhitimu sanaa katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2009. Vyombo vyake ni video, sauti, maandishi na mwili wake mwenyewe. Chimbuko lake ni masimulizi na mila za wanawake wa ukoo wake. Mama yake, Demere Kitunga, mwandishi na mchapishaji, hushirikiana naye. Kazi yake moja inaitwa *Nitakujengea kinyumba, na vikuta vya kupitia*. Hicho ni Kiswahili cha uani, wala si cha ofisini.

Wako wanaodhani kwamba kuhifadhi ni kunasa sauti ya mzee na kuifungia. Sauti iliyofungiwa ni kama mbegu ya ghalani: haipotei upesi, lakini haioti. Msanii huyu hulipokea neno kwa wenyewe, kisha hulitamka upya mbele ya watu. Na wenyewe wanajulikana, tofauti na wapagazi, ambao wengi wao hawana majina katika vitabu vya wasafiri.

Hapana budi wanafunzi wa Tabora waende kwa bibi na babu zao wakiwa na kinasa sauti, waandike jina la kila msemaji, kisha waigize simulizi lake mbele yake. Akiwakosoa, watajua kwamba neno lingali hai. Wakichelewa, hapatakuwa na wa kuwakosoa.