Futuhi ya Kuogofya

Kuna filamu ambazo mtazamaji hujikunyata kwa woga, na kabla moyo haujatulia anaangua kicheko. Wenye sinema huko Ulaya na Marekani wameipa aina hiyo jina moja, lililoundwa kwa neno la hofu na neno la komedi. Kwa Kiswahili bado tunaizungushia maelezo: "ya kutisha, lakini utacheka." Makala haya yanapendekeza iitwe futuhi ya kuogofya.

Tuanze na maana. Mfano unaojulikana sana ni An American Werewolf in London, filamu ya John Landis ya mwaka 1981. Vijana wawili wa Kimarekani wanatembea kwa miguu katika nyika ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wenyeji waliowakuta kilabuni wanawaonya wasiiache barabara. Wanaiacha, na mnyama anawavamia. Mmoja anakufa, kisha anarudi kuzungumza na mwenzake, kila mara akiwa ameoza zaidi, na bado ana mizaha yake ileile.

Kwa nini tucheke mbele ya maiti? Mwanafalsafa Noël Carroll wa Marekani alilijibu swali hilo mwaka 1999. Dude la kuogofya, alisema, lina mambo mawili: ni la hatari, na halimo katika mafungu ya viumbe tuliyoyazoea, kwa mfano mfu anayetembea. Ondoa hatari, ubakize kioja, na hofu itageuka kicheko.

Jambo hili halikuja kwetu na sinema. Katika ngano ya msichana aliyetiwa ngomani, zimwi linapita kijiji hadi kijiji likijisifu kwamba ngoma yake inaimba. Wasikilizaji wanajua anayeimba ni nani, na wanatetemeka. Zimwi linashiba, linalala. Watu wanamtoa mtoto na kujaza nyuki ngomani. Siku linapoifungua, anayepiga kelele ni zimwi lenyewe, na watoto waliokuwa wamejificha nyuma ya bibi anayesimulia wanacheka.

Sasa maneno. Vitabu vya fasihi vimeshatupa tanzia kwa mchezo wa huzuni, ramsa na futuhi kwa mchezo wa kuchekesha, pamoja na tanzia-ramsa kwa mchezo unaochanganya huzuni na furaha. Ninachagua futuhi kwa sababu limeshatoka darasani: watazamaji wa Star TV ya Mwanza walilizoea kama jina la kipindi cha vichekesho. Tatizo liko upande wa hofu. "Kutisha" lilionekana kufaa, ila mitaani limepata kazi ya pili. Msanii akiimba vizuri huambiwa "umetisha!" Kwa hiyo "futuhi ya kutisha" kijana ataielewa kuwa futuhi kali, iliyofana. "Kuogofya" bado limebaki na hofu yake kamili.

Tuijaribu istilahi hii Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, penye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Kijiji cha jirani ni Bweni, na kichaka kinateremka hadi pwani. Tuseme watalii wanaotafuta msisimko wamepiga hema chini ya mnara. Usiku wa manane mtoto mchanga analia juu ya mnazi. Wanamulika tochi: macho mawili yanawaka kwenye makuti, na kilio kinahamia mnazi wa karibu zaidi. Mmoja anakimbilia mnarani, mwingine anajifunika turubai. Mtu wa Bweni akiwapo, atawaambia: ni komba, amefuata tembo kwenye kibuyu cha mgema. Hatari imeondoka, kimebaki kioja cha mnyama mlevi mwenye sauti ya kitoto.

Baharini hali ni hiyohiyo. Kati ya Oktoba na Machi wageni huja kuogelea na papa potwe karibu na Kilindoni, kisiwani hapohapo. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye kinywa kipana cha kumtoa mtu roho, kumbe huchuja tu vijidudu na visamaki vidogo.

Hapo ndipo uzito wa aina hii ya hadithi ulipo. Mgeni anaogopa kwa sababu hajui, na mwenyeji anacheka kwa sababu anajua. Filamu nyingi za kigeni humfanya mwenyeji aonye mara moja kisha atoweke. Mwandishi wetu asikubali hilo. Ampe mtu wa Bweni nafasi tangu mwanzo hadi mwisho, maana yeye ndiye mwenye ufunguo wa kicheko.

Kwa watunga kamusi, naiweka hivi: futuhi ya kuogofya (wingi: futuhi za kuogofya), hadithi, tamthilia au filamu inayojenga hofu ya kweli kwa kiumbe au tukio la ajabu, kisha kuigeuza hofu hiyo kuwa kicheko kwa kuondoa hatari na kubakiza kioja.