Kutuliza Si Kutibu: Hoja Kuhusu Ugonjwa wa Hofu ya Ghafla

Wengi wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla huanzia kwa daktari wa moyo. Moyo humwenda mtu mbio, kifua kikambana, vidole vikafa ganzi, akaamini anakata roho. Ndani ya dakika chache hali hufikia kilele, kisha hupungua. Kipimo cha umeme wa moyo hakioni kasoro. Anaambiwa yu mzima, anarudi nyumbani. Baada ya siku chache yuko tena mapokezi. Ni sahihi kupima moyo, damu na tezi ya shingo mara ya kwanza. Kuvirudia vipimo hivyo bila dalili mpya ndiko ninakokupinga, kwa sababu kunaulea ugonjwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Hillside jijini New York, daktari wa magonjwa ya akili Donald Klein aliwapa dawa ya imipramini wagonjwa wa namna hii. Baada ya wiki chache wenyewe walidai haijawafaa kitu. Wauguzi ndio walioona tofauti: waliokuwa wakiwakimbilia kila siku wakisema wanakufa, hawakuja tena. Mashambulio yalikwisha, lakini kutoka nje peke yao bado hawakuthubutu. Dawa ilizima shambulio. Woga wa kulingoja shambulio jingine ulibaki.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark alieleza kinachoulisha woga huo. Mtu hupanda ngazi, moyo ukadunda, naye akaufasiri mdundo huo kuwa ni kifo. Hofu huongeza mapigo, na mapigo yakawa ushahidi wa kifo hicho. Akihema haraka, kabonidayoksaidi hupungua katika damu, ndipo kizunguzungu na ganzi huja. Hapo hukaa chini, hushika ukuta au humeza kidonge cha kutuliza cha diazepamu. Shambulio linapita, kama ambavyo lingepita hata asingefanya lolote, lakini sifa inakwenda kwa ukuta na kidonge.

Kwa hiyo tiba ya fikra na mwenendo humpeleka mgonjwa kule anakokukimbia. Mgonjwa huziba pua, akavuta pumzi kwa mrija mwembamba kwa dakika moja hivi. Au huzunguka kitini mpaka dunia imzunguke. Mtaalamu yupo kando, wala hamshiki mkono. Ndugu wakishuhudia huuona ni ukatili. Mimi naona ukatili mkubwa zaidi ni kumwacha mtu miaka mingi akikwepa daladala, soko na msikiti.

Dawa nazo zina nafasi yake. Setralini au fluoksetini huanzwa kwa dozi ndogo, maana mwanzoni zinaweza kuzidisha wasiwasi, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Asiyeweza kuvuka kizingiti cha nyumba yake huenda asiifikie kliniki bila dawa hizo. Lakini utafiti wa David Barlow na wenzake uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa 312, unatutahadharisha: matibabu yalipositishwa, waliochanganyiwa tiba ya fikra na mwenendo na imipramini walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliopewa tiba hiyo pamoja na kidonge kisicho na dawa. Diazepamu inayoandikwa haraka haraka mapokezi ina hatari ya ziada, kwa kuwa mwili huizoea, na kuiacha ghafla huleta wasiwasi na mapigo yale yale yaliyomleta mgonjwa hospitalini.