Chole na Taswira Yake Majini

Mji wa kisiwa cha Chole, ulioshamiri baada ya Wasakalava wa Madagaska kuuteketeza mji wa Kua mwanzoni mwa karne ya 19, na ambao Wajerumani waliufanya makao ya utawala hata walipohamia Kilindoni mwaka 1913, haukujaaliwa mifereji mfano wa ile ya Venice aliyoichora Canaletto. Mfereji wake ni ghuba iliyo mbele yake, ijaayo na kupwa mara mbili kila siku. Msanii atakaye kuichora pwani pamoja na taswira yake na asubiri maji yajae, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza, kwani yakipwa husalia matope, mikoko na ngalawa zilizolala ubavu. Aangalie pia kwamba chokaa nyeupe ya kuta za mji hufifia majini, ilhali weusi wa mizizi iliyoyakumbatia mawe hupungua; jambo hilo, kwa rai yetu, huwashinda wengi.