Habari za Cornelis Lely, Aliyeufunga Mlango wa Bahari

Sisi wakulima tumezoea kuyangoja maji ya mvua na kuyashukuru yanapokuja. Walakini iko nchi ambayo watu wake tangu kale hufanya kazi ya kuyafukuza maji. Nchi hiyo ni Uholanzi. Sehemu kubwa ya nchi ile iko chini kuliko usawa wa bahari, na kama si matuta na mashine za kuvuta maji, mashamba yake mengi yangezama.

Upande wa kaskazini palikuwa na ghuba kubwa, jina lake Zuiderzee, maana yake Bahari ya Kusini. Ilikuwa na faida, kwa kuwa wavuvi wa kandokando yake walipata riziki humo baba na mwana. Lakini upepo wa kaskazini ulipovuma kwa nguvu, maji ya bahari kuu yaliingia ghubani kama adui aingiavyo kwa mlango ulioachwa wazi, yakabomoa matuta, yakaua watu na ng'ombe. Mwaka 1667 mtu mmoja, Hendrik Stevin, aliandika shauri la kuufunga mlango ule. Watu wa zamani zake hawakuwa na vyombo vya kazi kubwa namna hiyo, basi shauri likabaki kitabuni miaka zaidi ya mia mbili.

Cornelis Lely alizaliwa mjini Amsterdam tarehe 23 Septemba 1854. Alisoma kazi ya uinjinia katika chuo cha Delft, akamaliza mwaka 1875. Mwaka 1886 watu waliotaka ghuba ile ichunguzwe walifanya chama, wakampa Lely kazi ya uchunguzi. Kwa miaka mitano akauchunguza udongo wa chini ya bahari, akahesabu mawe, siku na gharama. Mwaka 1891 shauri lake likawa tayari. Akasema, na lijengwe boma moja refu kuukata mlango wa ghuba, nayo igeuke kuwa ziwa la maji baridi. Kisha ndani ya ziwa sehemu kadha wa kadha zizungushiwe matuta, maji yake yavutwe yote, hata ardhi ya chini iwe mashamba.

Mwaka huo huo aliitwa kuwa waziri wa kazi za maji, biashara na viwanda, naye umri wake haujatimia miaka 37. Huenda msomaji akadhani kwamba sasa kazi ilianza mara moja. Sivyo. Halmashauri iliwekwa mwaka 1892 ili kulipima shauri lake, na mwaka 1894 wengi wa wajumbe wakalikubali. Lakini mwaka huo huo serikali yake ikatoka, naye akatoka pamoja nayo. Akarudi uwaziri mwaka 1897. Zamu hii aliwatetea wafanya kazi waliokatwa mikono au kuvunjika miguu katika mashine. Sheria ya kuwalipa ilikataliwa na baraza la juu mwaka 1900. Akaitengeneza, akaileta tena, ikapita mwaka 1901. Mwaka huo alileta na sheria ya kuifunga ghuba, lakini serikali ikabadilika tena, na waliofuata wakaiondoa barazani.

Lely hakukaa kulalamika. Tangu mwaka 1902 hata 1905 alikuwa gavana wa Suriname, koloni la Uholanzi katika Amerika ya Kusini. Huko alianzisha kazi ya kujenga reli kuelekea bara penye dhahabu, na mji mmoja ulio kandokando ya njia ile huitwa Lelydorp, yaani kijiji cha Lely, hata leo.

Mwaka 1913 akawa waziri mara ya tatu, na katika hotuba ya kufungua baraza Malkia Wilhelmina alitangaza kwamba wakati wa kuifunga ghuba umewadia. Hata hivyo wengi waliogopa gharama. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiku wa tarehe 13 Januari 1916 tufani ilivuma, matuta yakapasuka mahali pengi, nchi ikafunikwa na maji, na katika kisiwa cha Marken peke yake watu 16 wakafa. Tena vita vya Ulaya vilikuwa vikiendelea, chakula kutoka nje kilipungua, na watu wakaona thamani ya kuwa na mashamba zaidi. Mwezi wa Septemba mwaka ule Lely akaileta sheria yake, nayo ikathibitishwa tarehe 14 Juni 1918. Tangu shauri kuandikwa ilikuwa imepita miaka 27.

Hapa haifai kuwasahau wavuvi. Boma lililookoa mashamba liliua bahari yao, kwa kuwa samaki wa maji ya chumvi hawakai katika maji baridi. Mwaka 1925 ilitungwa sheria ya kuwasaidia kwa fedha. Lakini fedha haikuweza kumrudishia mtu kazi aliyofundishwa na baba yake. Lililokuwa wokovu kwa mkulima lilikuwa msiba kwa mvuvi, na mwenye kuisimulia habari hii kwa haki sharti ayaseme yote mawili.

Kazi ilianza mwaka 1920. Lely alifariki tarehe 22 Januari 1929, wala hakuliona boma limekwisha. Tarehe 28 Mei 1932 nafasi ya mwisho ilizibwa, na boma lenye urefu wa kilometa 32 likasimama kati ya ghuba na bahari. Shamba la kwanza, Wieringermeer, lilikuwa limekauka mwaka 1930. La pili likakauka mwaka 1942, na mengine mawili mwaka 1957 na 1968. Mwaka 1953 bahari ilipoingia kusini-magharibi mwa nchi na kuua watu 1,836, pwani za ghuba ya zamani zilisalimika nyuma ya boma.

Juu ya ardhi iliyokuwa chini ya mawimbi pana mji uitwao Lelystad, mji wa Lely, na tangu mwaka 1986 mashamba matatu ya mwisho ni mkoa kamili, Flevoland, wenye watu zaidi ya 400,000. Shamba la tano halikufanywa, kwa kuwa watu wa nyuma waliona ni heri ziwa libaki ziwa.

Mara tatu mtu huyu alipewa kiti cha uwaziri, na mara tatu akaondoka. Alichoshika daima ni lile shauri alilolipima mwenyewe kwa miaka mitano kabla hajaketi katika kiti chochote. Nasi tuwapo barazani kijijini, tukishauriana habari ya daraja au mfereji, tumwulize kwanza msemaji: je, umepima?