Kitafunio kilichozaliwa na njaa ya Hiroshima

Ukifungua pakiti ya Kappa Ebisen, harufu ya kamba ndiyo inayokupokea. Vijiti vyenyewe ni vyepesi, vina matuta membamba juu, na vikishavunjika mdomoni huacha chumvi na utamu wa mbali. Wajapani wanavitafuna tangu 1964, ila chanzo chake ni shida.

Agosti 6, 1945, bomu la atomiki liliiteketeza Hiroshima. Matsuo Takashi, mfanyabiashara wa mji huo, alikuwa akihangaika kutengeneza chakula kwa vitu ambavyo wengine hawakuvijali, pumba za mchele zikiwemo. Mwaka 1949 akaanzisha kampuni, na mwaka 1955 ikapewa jina la Calbee, lililoungwa kutokana na kalsiamu na vitamini B1. Hivyo ndivyo virutubisho ambavyo Wajapani wengi walivikosa. Ukosefu wa B1 huleta beriberi, maradhi yanayowanyemelea wanaoshindia wali wa mchele mweupe.

Vitafunio vya arare kwa desturi vilitengenezwa kwa mchele. Mchele ukawa haba, ngano ya Marekani ikawa inapatikana, naye Matsuo akageukia ngano. Kappa Arare ikatoka mwaka huohuo wa 1955. Kappa ni kiumbe wa mtoni katika hekaya za Kijapani, na wakati ule katuni za Shimizu Kon zilikuwa zimempa umaarufu. Biashara ni biashara.

Kamba walifuata baadaye. Tangu utotoni Matsuo alipenda kamba wadogo wa mtoni waliokaangwa na mama yake. Akawasaga wazima wazima, kichwa na gamba, akawachanganya na unga wa ngano. Hapo namvulia kofia: mpishi yeyote wa uduvi huku Pwani anajua kwamba ukitupa kichwa umetupa ladha. Donge hupikwa kwa mvuke, husukumwa, hukatwa na kukaushwa. Kisha vijiti hukaangwa ndani ya chumvi ya moto, kama karanga za mtaani, hadi vifure.

Krispi za viazi, ambazo Calbee ilianza kuziuza mwaka 1975, zilikuja kuvuma sana. Mimi bado nachagua kamba, tena ile ladha ya awali isiyoongezwa madoido. Lakini mwenye mzio wa kamba asionje hata kijiti kimoja.