Ile 0.85 ya wanawake ilitoka wapi?

Dawa nyingi hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikichoka, dawa inajazana kwenye damu na dozi ya kawaida inaweza kugeuka sumu. Ndiyo maana daktari hupima kreatinini, taka inayotokana na misuli, halafu anapiga hesabu.

Hesabu iliyotawala kwa miongo ni ya Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976. Chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, kisha gawanya kwa kreatinini mara 72. Unaimaliza kwenye kipande cha karatasi wodini, na nadhani hapo ndipo ilipopendewa. Ilitokana na wagonjwa 249 wa hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Montreal, Kanada. Asilimia 96 walikuwa wanaume.

Na wanawake je? Waandishi walipendekeza jibu lao lizidishwe kwa 0.85, kwa kuwa kwa kawaida wana misuli kidogo. Yaani ni makadirio tu. Wanawake wa kutosha kupima hawakuwepo.

Mwaka 1998 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa mwongozo wa majaribio ya dawa kwa wenye figo dhaifu. Hesabu hiihii ndiyo iliyotumika sana kuwapanga washiriki kwenye makundi, na matokeo yakaingia kwenye vile vikaratasi vya ndani ya boksi la dawa. Baadaye zilikuja fomula zilizopimwa kwa maelfu ya watu, wanawake wakiwemo. Lakini vikaratasi vingi vya zamani havijabadilika, kwa hiyo mfamasia anayepunguzia bibi dozi leo huenda bado anazidisha kwa 0.85.