Geuza Nyuma ya Picha: Watu Wasiotajwa Waliowatengeneza Mastaa wa Hollywood

Siku hizi staa akipiga picha, filta ni sekunde mbili tu. Anagusa kioo cha simu, chunusi zote kwisha, anaposti. Wengi wanadhani mchezo huu umeanza na simu. Wapi! Hollywood walikuwa wanaucheza karibu miaka 100 iliyopita, tena kwa penseli.

Turudi nyuma kidogo. Kati ya miaka ya 1920 na 1940, makampuni makubwa ya filamu kama MGM, Paramount na Warner Bros. hayakuwa yanatengeneza filamu tu, yalikuwa yanatengeneza mastaa. Ukishasaini mkataba, kampuni ndiyo inapanga ucheze filamu gani, uvae nini, hata uitwe nani. Lucille LeSueur alipoingia MGM, jina lake halikuwapendeza mabosi. Wasomaji wa jarida moja wakashindanishwa kumtafutia jina jipya, na mwaka 1925 akazaliwa Joan Crawford.

Ukishapata jina, inafuata sura. Kila kampuni kubwa ilikuwa na studio yake ya picha za mastaa, na kamera zenyewe si za mchezo. Zilitumia vipande vya filamu vya inchi 8 kwa 10, ukubwa wa karatasi ya daftari! Kwa kamera ya namna hiyo kila kitu usoni kinaonekana. Pale MGM, kuanzia 1925, kazi hiyo ilikuwa ya Ruth Harriet Louise, binti wa miaka 22 aliyekuwa anawapiga picha Greta Garbo na wenzake. Mwaka 1930 akaingia George Hurrell, mtaalamu wa mwanga mkali na vivuli vizito. Ukiona picha ya zamani ambayo uso wa staa unang'aa kama umetoka kwenye giza nene, mara nyingi ni mkono wa Hurrell au wa mtu aliyemuiga.

Sasa hapa ndipo penseli inapoingia. Mwaka 1931 Hurrell alimpiga picha Joan Crawford, wakati wa filamu ya Laughing Sinners. Picha hiyo ipo mpaka leo katika hali mbili. Ya kwanza, Crawford ana madoadoa kuanzia paji la uso mpaka kifuani, na mistari chini ya macho. Ya pili, ngozi ni laini kama maziwa. Mtu yule yule, pozi lile lile.

Kilichofanyika katikati ni kazi ya fundi. Kwenye negativu, doa jeusi la ngozi linaonekana kama kitundu cheupe. Fundi anakaa na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, anajaza kitundu kimoja baada ya kingine. Panapohitaji kupunguzwa, anakwangua taratibu kwa wembe mdogo. Picha ikija kusafishwa, doa halipo. Hiyo ni kazi ya masaa, kwa uso mmoja tu.

Mafundi hao hawakutajwa popote. Hata wapiga picha wenyewe mara nyingi magazeti yaliwaruka, maana picha ilikuwa tangazo la filamu na mali ya kampuni. Zilichapwa kwa wingi, zikagawiwa bure kwa magazeti na kutumwa kwa mashabiki walioandika barua. Na ile saini ya staa iliyofanya shabiki alale na picha chini ya mto? Usiamini sana. Picha nyingi za Jean Harlow zilisainiwa na mama yake mzazi.

Baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi uliosababisha makampuni hayo kuachana na majumba yao ya sinema, halafu televisheni ikaja kuwabeba watazamaji. Bajeti zikakatwa, studio za picha zikafa, na picha za zamani zikaonekana takataka za kujaza stoo.

Aliyeona dhahabu kwenye takataka hizo ni shabiki mmoja tu wa sinema. John Kobal, aliyezaliwa Austria mwaka 1940, akakulia Kanada na baadaye kufanya makazi London, alianza kukusanya picha na negativu ambazo makampuni yalikuwa yanaziondoa. Halafu akauliza swali ambalo wengi hawakuwa wamejisumbua nalo: hizi kapiga nani? Akawasaka wapiga picha waliokuwa bado hai, Hurrell akiwemo, akakaa nao wakamsimulia. Mwaka 1974 picha hizo zilioneshwa kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London. Mwaka 1980 ikawa zamu ya Museum of Modern Art, New York. Kilichokuwa kinatupwa kikawa sanaa, na majina yakarudi.

Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu akishika picha ya zamani, anaigeuza kwanza. Nyuma ndiko kwenye muhuri wa mpiga picha au wa kampuni, na wakati mwingine karatasi ya maelezo iliyogandishwa kwa ajili ya magazeti. Wengine wanaimulika kwa taa kama ile ya kukagulia noti feki. Kemikali za kung'arisha weupe zilianza kuwekwa kwenye karatasi za picha miaka ya 1950, kwa hiyo "picha ya 1931" ikiwaka buluu chini ya taa, ujue imechapwa miaka mingi baadaye. Hapo bei inashuka palepale.

Ila kuna muhuri mmoja hata uigeuze mara ngapi huupati: wa fundi wa penseli. Hurrell alirudishiwa jina lake akiwa hai. Waliokaa masaa wakifuta madoadoa, wengi wao wameondoka bila kujulikana, na kazi yao bado inasifiwa kila siku kama uzuri wa mtu mwingine.

Haya wadau, kati ya filta ya leo na penseli ya 1931, ipi imedanganya watu wengi zaidi?